Nchi Ndogo kati ya Wakubwa: Fukwe Mbili za Tanganyika

Anayevuka Ziwa Tanganyika kutoka Kazimia, Kongo, kwenda Kigoma, Tanzania, anaiacha nchi tajiri na kuingia nchi maskini, ikiwa tunahesabu vilivyo ardhini tu. Kongo ina kobalti, shaba, koltani na dhahabu katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3. Tanzania haifiki nusu ya eneo hilo, na ilipopata uhuru ilitegemea katani, pamba na kahawa. Hata hivyo, kila vita vinapozuka, wanaokimbia ni watu wa upande wa tajiri. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996, imewahifadhi kwa miaka mingi watu wa Kivu Kusini, wengi wao kutoka Fizi.

Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, na haitakuwa haki kuzifunga zote katika fungu moja. Ila iko moja ambayo upande wetu wa ziwa haijajadiliwa vya kutosha: jinsi kila nchi ilivyoishi na mataifa makubwa yaliyokuwa yakigombana. Tangu Kinshasa ilipoanza kujipitisha kati ya Washington na Beijing, swali hilo limerudi kwa nguvu. Je, nchi dhaifu inawezaje kuwa na marafiki wawili wanaochukiana bila kuwa mali ya mmojawapo?

Hoja ya makala haya ni kwamba jibu halimo katika wingi wa madini wala katika ufasaha wa mabalozi. Limo katika uwezo wa kusema hapana na kubeba gharama yake, na uwezo huo hujengwa nyumbani kabla ya kupelekwa kwenye meza ya mazungumzo.

Njia nne za mnyonge

Udogo wa nchi katika mambo haya haupimwi kwa eneo. Nchi ni ndogo ikiwa maamuzi ya wengine yanaibana kuliko maamuzi yake yanavyowabana wao. Kwa kipimo hicho Kongo ni ndogo, ingawa Rwanda inatoshea ndani yake mara nyingi. Na nchi ndogo, tangu zamani, zimekuwa na njia nne za kuishi na wakubwa.

Njia ya kwanza ni kumwegemea mmoja. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, aliwaegemea Waingereza kupitia konseli wao, John Kirk. Mwaka 1873 alikubali, kwa shinikizo lao, kufunga soko la watumwa, akiamini kuwa urafiki huo ungemlinda. Manowari za Wajerumani zilipotia nanga mbele ya kasri lake mwaka 1885, London ilikuwa inamhitaji kansela wa Ujerumani, Bismarck, katika mambo ya Misri, na Kirk akalazimika kumshauri sultani akubali. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani walimwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi, wakagawana bara. Barghash hakusalitiwa kwa chuki. Bei yake tu ilikuwa ndogo kuliko ya Misri.

Njia ya pili ni kuwakataa wote. Msiri, mtawala wa Garanganze aliyekaa Bunkeya, huko Katanga, aliwakatalia wajumbe wa kampuni ya Cecil Rhodes, akawakatalia na wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alielewa vizuri karatasi walizomletea zilikusudia nini. Lakini wakati huo Wasanga aliokuwa akiwatawala walikuwa wameasi, na watu wengi waliona ni nafuu chochote kitakachomwondoa. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi na ofisa wa msafara wa Kapteni Stairs, aliyetumwa na Leopold. Hapana yake ilikuwa sahihi, ila haikuwa na watu nyuma yake.

Njia ya tatu ni kumgawia kila mkubwa sehemu, pasiwe na anayeshika yote. Hii ndiyo Tanzania ilijaribu, na tutaitazama kwa urefu. Njia ya nne ni kujifanya wa lazima, yaani kuwapa wakubwa kitu ambacho hawawezi kukipata kwingine kwa urahisi. Djibouti imekodisha ardhi yake kwenye mlango wa Bahari ya Shamu kwa Marekani, Ufaransa, Japani na Italia, na tangu 2017 China nayo ina kambi hapo. Rwanda ilichagua askari: majeshi yake yamelinda amani Jamhuri ya Afrika ya Kati, na tangu Julai 2021 yanapigana Cabo Delgado, Msumbiji, mahali ambapo kampuni ya Ufaransa ina mradi mkubwa wa gesi. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulisaini na Kigali makubaliano ya madini, huku ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zikieleza msaada wa Rwanda kwa waasi wa M23 mashariki mwa Kongo. Aliye wa lazima huvumiliwa mengi. Lakini huvumiliwa kwa muda: Februari 2025 Marekani ilimwekea vikwazo waziri wa Rwanda, James Kabarebe, na mwezi uliofuata Ulaya ikafuata kwa vikwazo vyake, na Kigali ikavunja uhusiano na Ubelgiji.

Tanzania na gharama ya kukataa

Tanzania ya 1964 ilikuwa dhaifu kupita kiasi. Mwezi Januari mapinduzi yalitokea Zanzibar, kisha jeshi la Tanganyika likaasi, na Mwalimu Julius Nyerere akalazimika kuwaomba Waingereza, waliokuwa wakoloni wake hadi majuzi, waje wazime maasi hayo. Muungano wa tarehe 26 Aprili ulimletea tatizo jingine. Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki, na Bara ilikuwa inasaidiwa na Ujerumani Magharibi, ambayo haikukubali kushirikiana na nchi yoyote iliyowatambua ndugu zao wa mashariki.

Dar es Salaam ilitafuta njia ya kati. Ubalozi wa Ujerumani Mashariki uliokuwa Zanzibar ungeondolewa, na badala yake pangekuwa na konseli kuu tu. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, haikuridhika, na mwanzoni mwa 1965 ikawaondoa wakufunzi wake wa kijeshi. Nyerere alijibu kwa kuwaambia wachukue na misaada yao mingine. Januari mwaka huo Tanzania ilikuwa tayari imewafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani, mmoja wao Frank Carlucci, aliyekuwa Kongo kabla ya kupelekwa Zanzibar na ambaye baadaye alikuwa waziri wa ulinzi wa nchi yake. Desemba mwaka huohuo, Waingereza waliposhindwa kuwazuia walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru, Tanzania ilivunja uhusiano na London na kupoteza mkopo wa pauni milioni 7.5.

Ukiishia hapo utadhani ni nchi iliyogombana na kila mtu. Lakini tazama upande wa pili wa daftari. Nafasi ya Wajerumani jeshini ilichukuliwa na Wakanada, waliofundisha wanajeshi wakati Wachina nao wakifundisha wengine. Wakubwa wa Magharibi na Benki ya Dunia walipoona reli ya kwenda Zambia haina faida, China iliikubali: mkopo usio na riba, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kazi iliyoanza 1970 na kukamilika 1975. Na katika njia ileile, Wamarekani walisaidia kujenga barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Mashindano ya wakubwa hao wawili yakaiachia nchi moja reli na barabara.

Hesabu hiyo ilifanya kazi kwa sababu mbili. Kwanza, kila aliyekataliwa alijua kuwa serikali iliyokataa haitaanguka kesho yake. Muungano ulikuwa umesimama, chama kilifika vijijini, na hapakuwa na jimbo lililotafuta bwana wake mwenyewe ng'ambo. Pili, kukataa kulionekana wazi kunauma. Anayekubali kupoteza pauni milioni saba na nusu huaminiwa anaposema hatanunuliwa.

Tusiipambe kupita kiasi. Vita vya Kagera dhidi ya Uganda vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na udhaifu wa uchumi wa vijiji vya ujamaa vilimaliza hazina. Nyerere alikosana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1979, na mwaka 1986 mrithi wake, Ali Hassan Mwinyi, alisaini nalo. Hapana ya mtu mwenye njaa haidumu. Lakini Tanzania iliinama mbele ya wakopeshaji ikiwa nchi moja, na haikugeuzwa uwanja wa vita vya wengine.

Uwanja ulikuwa Fizi

Uwanja ulikuwa huku kwetu, na hapa ndipo sifa za Tanzania zinapohitaji kusomwa kwa jicho la mwenyeji wa ufuko wa magharibi. Baada ya askari wa Ubelgiji kushushwa Stanleyville (Kisangani ya leo) na ndege za Marekani Novemba 1964, uasi wa Simba dhidi ya serikali ya Kongo ulirudi nyuma hadi milima ya Fizi. Silaha za Wachina na za Wasovieti ziliingia bandarini Dar es Salaam, zikapanda reli hadi Kigoma, zikavuka ziwa usiku. Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka kwa njia hiyohiyo na kufika Kibamba. Alijiita Tatu, kwa Kiswahili, na waliomfuata kutoka Cuba walizidi mia.

Waliowakabili walikuwa jeshi la serikali ya Kongo, mamluki wa Mike Hoare, na ndege na boti zilizotolewa na shirika la ujasusi la Marekani, nyingi zikiendeshwa na Wakyuba waliomkimbia Fidel Castro. Ina maana kwamba mwaka 1965 Wakyuba wa pande mbili walipigana juu ya maji ambayo wavuvi wa Kazimia na Baraka walitupa nyavu zao. Baraka ilichukuliwa na mamluki mwishoni mwa Septemba baada ya mapigano makali, Fizi ikafuata Oktoba.

Mwisho wake haukuamuliwa Fizi. Tarehe 13 Oktoba Rais Kasavubu alimfukuza Moïse Tshombe, waziri mkuu aliyechukiwa na Afrika nzima, na katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Accra akaahidi kuwa mamluki wataondoka. Tanzania ikaona sababu ya vita imepungua, ikamwita balozi wa Cuba, Pablo Ribalta, na kumtaka abadili msaada wa nchi yake. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Novemba Guevara na wenzake walivuka kurudi Kigoma. Siku chache baadaye mkuu wa jeshi la Kongo, Mobutu, alitwaa madaraka.

Kwa Dar es Salaam uamuzi ule ulikuwa wa busara. Ulipunguza ugomvi na Washington, uliheshimu kauli ya Afrika, na haukuiuza misingi ya nchi. Kwa Fizi ulikuwa na maana nyingine. Vita viliingizwa kupitia ziwa na kufungwa kupitia ziwa, na watu walioishi katikati hawakuulizwa mara zote mbili. Mizani ya nchi moja ndogo inaweza kuegemezwa kwenye bega la jirani yake, na jambo hilo wasifiaji wa siasa ya kutofungamana hulisahau.

Deni lile lilivuka tena miaka kumi baadaye. Laurent-Désiré Kabila alikuwa ameanzisha chama chake cha PRP katika milima ya Fizi mwaka 1967. Mei 1975 wapiganaji wake walivuka ziwa hadi Gombe, kaskazini mwa Kigoma, wakawateka wanafunzi wanne wa utafiti wa sokwe, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja. Tanzania ilikataa kujadiliana na waasi. Familia zilitafuta njia zao, fedha zikalipwa, mateka wakarudi, na balozi wa Marekani, Beverly Carter, akaadhibiwa na wakubwa wake kwa kusaidia. Kwa muda Fizi ilijulikana Washington, na ilijulikana kwa hilo tu.

Utajiri usio na mlinzi

Kwa nini Kongo haikuweza kufanya yale ya jirani yake? Wengi hujibu: kwa sababu ilikuwa na mali nyingi mno. Urani ya Shinkolobwe ilitumika katika bomu la Hiroshima, na baada ya hapo hakuna mkubwa aliyekubali nchi hii iende inakotaka. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi.

Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alijaribu mizani mapema kuliko Nyerere. Katanga ilipojitenga tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru, aliuita Umoja wa Mataifa, akaenda Washington kuomba msaada, na alipokosa ndipo akapokea ndege na malori ya Wasovieti. Nyerere alifanya mambo yanayofanana na akaishi. Lumumba aliondolewa madarakani Septemba na kuuawa tarehe 17 Januari 1961. Tofauti haikuwa ujasiri. Jeshi lake lilikuwa limeasi, jimbo lake tajiri kuliko yote lilikuwa na serikali nyingine, rais na mkuu wa jeshi walikuwa na marafiki wao wenyewe nje. Mkubwa aliyetaka kumwadhibu hakuhitaji kuvunja mlango, kwa sababu ndani walikuwamo wa kumfungulia. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Mobutu alijifunza somo baya kutokana na hayo. Alimwegemea mmoja, akapamba kwa kumtembelea mwingine: alikwenda Beijing mwaka 1973, lakini Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, ilipovamiwa 1977 na 1978 waliomwokoa walikuwa Wamoroko, Wafaransa na Wabelgiji. Vita Baridi vilipokwisha, thamani yake ilikwisha navyo, kama ya Barghash. Mei 1997 aliyeingia Kinshasa alikuwa Kabila yuleyule wa Fizi, safari hii akibebwa na majeshi ya majirani, ambao mwaka uliofuata walimgeukia.

Hapana mpya, na shimo la zamani

Leo ushindani ni wa Marekani na China, na safari hii Kongo haina budi kusikilizwa. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka hapa. Mwaka 2008 mkataba wa Sicomines uliwapa Wachina madini kwa ahadi ya barabara na hospitali. Wakopeshaji wa Magharibi waliulalamikia hadi ukapunguzwa. Mwaka 2016 kampuni ya Marekani ya Freeport-McMoRan iliuza hisa zake za mgodi wa Tenke Fungurume kwa China Molybdenum, na Washington ikatazama tu. Mwaka 2024 Kinshasa iliujadili upya mkataba wa Sicomines na kuongeza fedha za miundombinu hadi dola bilioni 7. Wakati huohuo Marekani na Ulaya zinaigharimia reli ya Lobito kuelekea Atlantiki, na China imekubali kuifufua TAZARA, ile reli ya Dar es Salaam na Zambia, kuelekea Bahari ya Hindi. Reli mpya ya Tanzania nayo inajengwa kuelekea Kigoma, na tawi la Burundi limepangwa kufika Kongo. Ufuko wa Kazimia uko katikati ya mishale hiyo yote.

Uamuzi wa maana kuliko yote haukusainiwa katika mji wa kigeni. Tarehe 22 Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti, na Oktoba ikaweka kiwango cha mwaka cha tani 96,600 kwa 2026 na 2027. Bei ilipanda, Wachina na Wamarekani wote wakalazimika kuja kuuliza. Hiyo ilikuwa hapana ya kwanza ya Kongo kwa miaka mingi iliyowabana wakubwa wote kwa usawa, na ilifaa kwa sababu Kongo yenyewe ilikubali kukosa mapato kwa miezi kadhaa.

Linganisha na njia nyingine. M23 iliingia Goma Januari 2025 na Bukavu Februari. Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2773 kwa kura zote, za China na Urusi zikiwemo, likiitaka Rwanda iondoe majeshi yake, lakini vita havikusimama. Tarehe 4 Desemba marais Tshisekedi wa Kongo na Kagame wa Rwanda walisaini makubaliano Washington, na siku hiyo Kongo ikasaini pia ushirikiano wa kimkakati na Marekani unaogusa madini. Tarehe 10 Desemba M23 ilikuwa Uvira. Watu walikimbilia Burundi, wengine wakashuka kusini, Baraka na Fizi. Siku chache baadaye kundi hilo lilitangaza kwamba litaondoka Uvira kwa ombi la Marekani. Aliyeombwa alikuwa mwenye bunduki, aliyeomba alikuwa mkubwa, na mwenye mji alikuwa msikilizaji. Usalama wa kukodi una mwenye kauli, naye si mpangaji.

Wapo watakaosema kwamba anayezama hachagui kamba. Ni kweli, na hakuna mtu wa Uvira anayepaswa kulaumiwa kwa kushukuru simu ya Washington. Lakini mkubwa anayezima moto leo ana kobalti akilini, na kobalti ikipatikana kwingine, au betri zikianza kutengenezwa bila hiyo, simu hiyo haitapigwa.

Kinachobaki mikononi mwetu

Mambo matatu yako ndani ya uwezo wa Kongo bila ruhusa ya mtu. La kwanza ni kuendeleza kiwango cha kobalti na kukipanua kwa madini mengine, hata kikiuma. La pili ni kuzileta karatasi za Washington na za Beijing bungeni, zisomwe kifungu kwa kifungu kabla hazijawafunga watoto wetu, kwa sababu mkataba ambao wananchi wanaujua ni mgumu kwa mkubwa kuugeuza.

La tatu liko Fizi kwenyewe, na ndilo gumu kuliko yote. Vita vya milimani, Minembwe na Itombwe, vimewagombanisha Wabembe, Wafuliiru, Wanyindu na Wanyamulenge kwa miaka, na kila upande umepata mtu wa nje wa kuupa bunduki. Msiri alikuwa na Wasanga, Lumumba alikuwa na Katanga. Maadamu kuna jirani anayemwogopa jirani kuliko anavyomwogopa mgeni, hakuna balozi atakayeipatia nchi hii heshima mezani. Wabunge wa Fizi, machifu, wachungaji na mashehe wa Baraka wanaweza kuanza mazungumzo hayo bila kusubiri wapatanishi wa Doha wala wa Washington. Waanze.